Kuichungua Mashine Iliyo Ndani ya Mashine: Vyombo vya Kufuatilia Utendaji na Kusaka Kasoro katika Kompyuta Pepe

Utangulizi

Kompyuta moja ya chuma, iliyo ndani ya sanduku moja, huweza siku hizi kubeba kompyuta nyingine kumi, ishirini au zaidi ambazo hazina sanduku wala waya. Kila moja kati ya hizo hujiona kuwa ina prosesa yake, kumbukumbu yake, diski yake na kadi yake ya mtandao. Huwashwa na kuzimwa peke yake, na mfumo wake ukianguka, jirani zake huendelea na kazi. Kompyuta ya namna hii, iliyoumbwa kwa programu, huitwa kompyuta pepe au mashine pepe. Sehemu kubwa ya huduma ambazo watu hupata kwa simu na kwa intaneti huendeshwa ndani ya mashine za aina hiyo.

Hata hivyo, jambo moja limewasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Mashine pepe inapokwenda polepole, ni vigumu kujua kwa nini. Aliye ndani haoni yanayotukia nje, na aliye nje haelewi yanayotukia ndani. Wahenga walisema kwamba nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Katika mashine pepe shida imepita kiwango hicho, kwa kuwa hata yule alalaye ndani haijui ila yake.

Makala haya yanaeleza chanzo cha shida hiyo, na jinsi wahandisi walivyoitatua kwa kupachika vyombo vya uchunguzi katika programu yenyewe inayoziumba mashine pepe. Yanaeleza pia hatari iliyomo, kwa maana chombo cha kupimia kikitengenezwa vibaya huweza kumdhuru mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Mgeni, Mwenyeji na Msimamizi

Wazo la mashine pepe si jipya. Katikati ya miaka ya 1960, wahandisi wa kampuni ya IBM katika kituo chake cha Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, walitunga mfumo ulioitwa CP-40, na baada yake CP-67. Kompyuta za wakati ule zilijaza chumba na bei yake ilikuwa kubwa mno. Mtu alipotaka kujaribu mfumo mpya wa uendeshaji, ilibidi apewe kompyuta nzima na wengine wangoje. Mfumo wa CP uliondoa adha hiyo kwa kumpa kila mtumiaji kitu kilichofanana na kompyuta kamili. Mwaka 1972 IBM ilitangaza mfumo wa VM/370 uliotokana na kazi hiyo.

Msamiati wa fani hii ni rahisi kukumbuka. Kompyuta ya chuma huitwa mwenyeji. Mashine pepe, pamoja na mfumo wa uendeshaji ulio ndani yake, huitwa mgeni. Kati yao imo programu iitwayo msimamizi, ambayo hugawa prosesa, kumbukumbu na vifaa kwa wageni wote.

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walieleza sifa tatu zinazompasa msimamizi. Kwanza, programu iliyo ndani ya mgeni itende kama ambavyo ingetenda juu ya kompyuta ya chuma. Pili, amri nyingi za mgeni zitekelezwe na prosesa moja kwa moja, bila msimamizi kuingilia. Tatu, msimamizi awe na mamlaka kamili juu ya mali yote ya mashine, na mgeni asiweze kujitwalia asichopewa.

Sifa ya pili na ya tatu hukutana kwa njia ya mtego. Amri za kawaida, kama kujumlisha namba au kunakili neno kutoka mahali hadi mahali, hupita bila kizuizi. Amri zinazogusa mamlaka ya mashine, kama kuzuia makatizo au kuzungumza na diski, hunaswa. Mgeni husimamishwa, msimamizi huitekeleza amri hiyo kwa niaba yake, kisha mgeni huendelea asijue kwamba alisimama.

Prosesa za ukoo wa x86, ambazo zimetumika katika kompyuta nyingi za mezani, hapo awali hazikufaa kwa kazi hii. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulihesabu amri 17 za prosesa ya Pentium ambazo zilipaswa kunaswa lakini hazikunaswa. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilikuwa imekwisha kupata njia ya kuzikwepa: bidhaa yake ya mwaka 1999 ilizitafsiri amri za mgeni kabla hazijatekelezwa. Baadaye Intel, mwaka 2005, na AMD, mwaka 2006, zilianza kuuza prosesa zilizo na mtego huo ndani ya chuma chenyewe. Mapema mwaka 2007 mfumo wa Linux ulipata msimamizi aitwaye KVM, anayetegemea uwezo huo mpya.

Katika prosesa hizi, kila mara mgeni anaponaswa prosesa huhifadhi hali yake, hurudisha hali ya mwenyeji, na kuandika namba inayoeleza sababu. Tukio hilo litaitwa hapa mtoko. Kwa mfano, katika prosesa za Intel, namba 1 humaanisha kwamba katizo limetoka nje, namba 12 kwamba mgeni hana kazi na ameomba kupumzika, namba 30 kwamba amejaribu kuzungumza na kifaa, na namba 48 kwamba amegusa sehemu ya kumbukumbu ambayo mwenyeji hajamruhusu au hajamtayarishia. Orodha ya sababu hizi ni ufunguo wa yote yatakayofuata.

Kwa Nini Ugonjwa Hufichika

Sifa ya kwanza ya Popek na Goldberg ilikuwa na kasoro ndogo ambayo wao wenyewe waliitaja. Mgeni atende kama ambavyo angetenda juu ya chuma, walisema, isipokuwa katika mambo ya wakati na ya kiasi cha mali kilichopo. Matokeo ya hesabu yatakuwa yale yale, lakini muda wa kuyapata waweza kutofautiana. Basi lile jambo moja lililosamehewa katika ufafanuzi ndilo linalomwumiza mtumiaji, kwa sababu yeye halalamiki kwamba mbili na mbili zimekuwa tano. Hulalamika kwamba jibu limechelewa.

Wakati wa mgeni hupotea kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni kunyang'anywa prosesa. Wageni wakiwa wengi kuliko prosesa, msimamizi huwapa zamu. Mgeni aliyewekwa kando hasikii chochote, na akirudishiwa prosesa hudhani kwamba ile kazi aliyokuwa akiifanya ndiyo iliyochukua muda mrefu. Tangu mwaka 2011 KVM imeweza kumweleza mgeni wa Linux kiasi cha muda alionyang'anywa, ili asijisingizie uvivu usio wake.

Njia ya pili ni mitoko. Kila mtoko una gharama hata kama msimamizi hana kazi kubwa ya kufanya. Prosesa za mwanzo za Intel zenye uwezo huu zilitumia zaidi ya mapigo 2000 ya saa yao kumwingiza tu mgeni, na kizazi kilichofuata kilishusha gharama hiyo hadi chini ya mapigo 1000. Kiasi hicho ni kidogo kikitokea mara moja, lakini ni kikubwa kikirudiwa mara laki moja kwa sekunde.

Njia ya tatu ni kumbukumbu. Katika kompyuta ya kawaida anwani inayotumiwa na programu hutafsiriwa kwa jedwali la ngazi nne kabla ya kufika katika kumbukumbu halisi. Katika mashine pepe kuna majedwali mawili, la mgeni na la mwenyeji, na kila ngazi ya jedwali la kwanza yenyewe yahitaji kutafsiriwa kwa la pili. Tafsiri iliyochukua hatua 4 huweza kufikia hatua 24. Prosesa hukumbuka tafsiri za karibuni ili kuepuka safari hiyo, lakini programu inayorukaruka katika kumbukumbu kubwa huilipa gharama hiyo mara nyingi.

Hasara zote tatu hutukia katika tabaka la msimamizi. Chombo cha kupimia kilichomo ndani ya mgeni haliwezi kuziona, kama vile abiria aliyelala asivyoweza kueleza basi lilisimama mara ngapi njiani. Kwa hiyo macho yanatakiwa kuwekwa pale pale yanapotukia mambo.

Sampuli na Nyayo

Zipo njia mbili za kuiangalia programu inapofanya kazi. Ya kwanza ni kuchukua sampuli. Prosesa za kisasa zina vihesabio vinavyohesabu mapigo, amri zilizotekelezwa, au mara ambazo tafsiri ya anwani haikupatikana. Kihesabio kikifikia kiasi kilichowekwa, katizo hupigwa na anwani ya amri iliyokuwa ikitekelezwa huandikwa. Baada ya sampuli elfu kadhaa huonekana wazi ni sehemu gani ya programu inayokula muda mwingi.

Mwaka 2005 kundi la wachunguzi, wakiwemo wa maabara za kampuni ya Hewlett-Packard, lilichapisha chombo kiitwacho Xenoprof, kilichotumia njia hii kwa msimamizi aitwaye Xen. Xen alikuwa ametungwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na makala yake mashuhuri yalitoka mwaka 2003. Ndiye pia aliyetumiwa na huduma ya EC2 ya kampuni ya Amazon ilipoanza mwaka 2006, huduma ambayo msingi wake ulijengwa na wahandisi waliokuwa Cape Town, Afrika ya Kusini. Ugumu uliowakabili watunzi wa Xenoprof ulikuwa huu: katizo la kihesabio humfikia msimamizi, lakini ni mgeni peke yake anayejua anwani iliyoandikwa ni ya programu gani. Waliutatua kwa kugawa kazi. Msimamizi huchukua sampuli na kumkabidhi mgeni mwenyewe, naye hufasiri maana yake. Kwa njia hiyo waliweza kueleza gharama za mawasiliano ya mtandao ndani ya Xen zilitoka katika tabaka gani.

Njia ya pili ni kufuata nyayo. Hapa hakuna kubahatisha. Kila tukio la namna fulani, kwa mfano kila mtoko, huandikwa pamoja na saa yake, sababu yake na mgeni aliyehusika. Sampuli hueleza muda umetumika wapi, nazo nyayo hueleza kilitangulia nini na kikafuata nini. Mganga wa mashine huhitaji zote mbili.

Kituo Kinacholala

Kikwazo cha kufuata nyayo ni gharama. Mhandisi akipanda vituo vya uchunguzi maelfu katika msimamizi, na kila kimoja kikaandika kila kitu wakati wote, mashine itatumia nguvu zake kujitazama. Na akivitoa ili kuongeza kasi, siku ya matatizo hatakuwa na chochote cha kutazamia. Kwa miaka mingi wahandisi walikuwa na matoleo mawili ya programu, moja la uchunguzi na moja la kazi. Lakini hitilafu ngumu zilitokea katika toleo la kazi, mbele ya watumiaji, mahali ambapo toleo la uchunguzi halikuwapo.

Jibu lililobadilisha fani hii lilitoka kwa Bryan Cantrill, Michael Shapiro na Adam Leventhal wa kampuni ya Sun Microsystems, waliotunga DTrace, iliyotolewa kwa watumiaji pamoja na mfumo wa Solaris 10 mwaka 2005. Msingi wake ni kituo kinacholala. Mahali palipokusudiwa kuchunguzwa huachwa kama palivyokuwa, au huwekwa amri tupu isiyofanya kitu. Mchunguzi anapokiamsha kituo, mfumo hubadilisha amri iliyopo kwa ile inayopeleka utekelezaji kwa mchunguzi. Akimaliza, amri ya asili hurudishwa. Kwa hiyo kituo kinacholala karibu hakina gharama, na mashine inayofanya kazi huweza kuchunguzwa bila kuzimwa.

Jambo la pili ni usalama. Swali la mchunguzi huandikwa kwa lugha ndogo isiyoruhusu vitanzi vya kurudia, ili isiwezekane kuandika swali lisilokwisha. Likijaribu kusoma anwani isiyokuwapo, swali hukatizwa na mfumo hauanguki. Jambo la tatu ni kujumlisha pale pale. Badala ya kumwaga mamilioni ya mistari kwa mchunguzi, kila prosesa huhesabu katika jedwali lake, na majedwali huunganishwa mwishoni.

Mwaka 2011 wahandisi wa kampuni ya Joyent walikamilisha kazi ya kumhamisha msimamizi KVM kutoka Linux hadi illumos, mfumo uliotokana na Solaris. Walipokuwa wakimhamisha walipachika ndani yake vituo vya DTrace, na juu yake wakajenga chombo kiitwacho kvmstat. Chombo hiki huonyesha, kwa kila prosesa pepe ya kila mgeni, idadi ya mitoko na mgawanyo wake: iliyosababishwa na mapumziko, na makatizo, na vifaa, na kumbukumbu. Upande wa Linux, mwaka 2009 KVM iliunganishwa na vituo vya ufuatiliaji vya jumla vya mfumo huo, kikiwamo kimoja mahali pa mtoko na kimoja mahali pa kurudi. Vituo hivyo viwili vinatosha kujibu maswali mengi, maana tofauti ya saa kati ya mtoko na kurudi ndiyo gharama ya mtoko huo.

Mfano wa Hesabu

Ichukuliwe kwamba mgeni mmoja ana prosesa pepe moja yenye kasi ya mapigo 2,500,000,000 kwa sekunde, na kwamba watumiaji wake wanalalamika. Vituo vikiamshwa, yaonekana kuna mitoko 100,000 kwa sekunde. Je, hiyo ndiyo sababu?

Idadi peke yake haijibu swali hilo. Ikiwa mitoko 90,000 ni ya namna nyepesi, inayogharimu mapigo 2,000 kila mmoja, jumla yake ni mapigo 180,000,000, yaani asilimia 7.2 ya muda wa prosesa. Ikiwa mitoko 10,000 iliyobaki ni ya kuzungumza na diski ya kuigizwa, na kila mmoja humlazimu msimamizi kuita programu nyingine na kutumia mapigo 50,000, jumla yake ni 500,000,000, yaani asilimia 20. Mitoko iliyo sehemu moja ya kumi ya idadi imekula karibu mara tatu ya ile iliyo sehemu tisa. Mchunguzi anayehesabu matukio bila kupima muda wake angewinda mnyama asiye mwenyewe.

Pana mtego mwingine kwa mchunguzi asiye mzoefu. Mtoko namba 12 mara nyingi huonekana mrefu kupita yote. Lakini huo ni mtoko wa mapumziko: mgeni hana kazi, naye ameirudisha prosesa kwa hiari yake. Urefu wa mtoko huo ni muda wa kulala, na kulala si ugonjwa. Ndiyo maana namba ya sababu lazima iandikwe pamoja na muda.

Sababu ikijulikana, tiba hufuata. Katika mfano huu mgeni anaandikia diski ya kuigizwa, ambayo humtaka msimamizi aingilie kila rejista inapoguswa. Tangu mwaka 2008 Linux ina njia iitwayo virtio, ambamo mgeni na msimamizi hushiriki foleni katika kumbukumbu. Mgeni hupanga maombi mengi katika foleni, kisha hubisha hodi mara moja. Mitoko hupungua bila kununua kompyuta kubwa zaidi. Hapa ndipo faida ya uchunguzi inapoonekana kwa fedha, kwa kuwa asiyejua sababu huongeza mashine, na ugonjwa huongezeka pamoja nazo.

Fundisho la pili la hesabu linahusu wastani. Ichukuliwe kwamba kati ya maombi 1,000 ya kusoma diski, 990 huchukua milisekunde 0.1 kila moja, na 10 huchukua milisekunde 20. Wastani ni milisekunde 0.299, namba inayopendeza. Lakini hakuna ombi hata moja lililochukua muda huo, na watu kumi wamengoja mara mia mbili kuliko wenzao. Kwa sababu hiyo vyombo bora huonyesha mgawanyo mzima, kwa makundi yanayoongezeka maradufu, mikrosekunde 1, 2, 4, 8 na kuendelea, ili kilima kidogo kilichosimama peke yake mbali kionekane.

Chombo Kinapodhuru

Kubadilisha amri za programu inapoendelea kufanya kazi ni sawa na upasuaji, na historia imetoa onyo lake. Mwaka 2008, wakati toleo 2.6.27 la Linux lilipokuwa katika majaribio, watu kadhaa waligundua kwamba kadi zao za mtandao za Intel za aina ya e1000e zimeharibika. Kumbukumbu ya kudumu iliyomo ndani ya kadi ilikuwa imevurugwa. Kwanza lawama ilielekezwa kwa programu inayoiendesha kadi hiyo. Uchunguzi ulipokamilika, mkosaji alikuwa chombo kipya cha kufuatilia nyayo kilichoitwa ftrace.

Chombo hicho kilikuwa kimeweka orodha ya anwani za kubadilisha ili kuweka amri tupu. Baadhi ya anwani hizo zilikuwa za vipande vya programu vinavyotumika mara moja tu wakati wa kuwasha, kisha hufutwa. Vipande vilifutwa, lakini anwani zilibaki katika orodha, na baadaye eneo lile lile lilipewa kumbukumbu ya kadi ya mtandao. Chombo kilipokwenda kulinganisha kilichomo kabla ya kubadilisha, amri ya prosesa iliyotumika kulinganisha yenyewe huandika tena hata kama ulinganisho haukufaulu. Katika kumbukumbu ya kawaida kuandika upya kilekile hakuna madhara. Katika kadi ile, kuliharibu. Muda mfupi baada ya toleo kutoka, sehemu hiyo ya chombo ilizimwa, nayo ilirudi baadaye ikiwa imesanifiwa upya.

Hatari ni kubwa zaidi katika msimamizi wa mashine pepe, kwa sababu akianguka huanguka na wageni wake wote, pamoja na wale ambao hawakuomba uchunguzi wowote. Kwa hiyo kanuni tatu hufuatwa. Chombo kihakikishe kwamba anwani ingali ya programu kabla ya kuigusa. Nafasi ya kuandikia ikijaa, kiache kuandika na kihesabu kilichopotea, badala ya kumngojesha mgeni. Na kiseme wazi gharama yake, kwa kuwa kituo kinachotumia mikrosekunde 1 kikiamshwa mahali panapopitwa mara 100,000 kwa sekunde huchukua asilimia 10 ya prosesa, na kipimo kilichopatikana huwa sehemu yake ni kivuli cha mpimaji.

Limo pia suala la siri. Mwenye kumchungua msimamizi aweza kuona nyayo za kila mgeni, na pengine kumbukumbu yake. Ruhusa ya kuamsha vituo yafaa itolewe kwa uangalifu kama ufunguo wa hazina.

Kurudisha Wakati Nyuma

Mpaka hapa msimamizi ameonekana kama pazia linaloficha ugonjwa. Lakini tabaka hilo hilo, likiisha kupewa macho, huwa mahali bora pa kusakia kasoro kuliko hata kompyuta ya chuma. QEMU, programu ya kuigiza kompyuta iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, ina mlango ambao chombo cha kusakia kasoro kiitwacho GDB huunganishwa nao. Mhandisi huweza kuisimamisha mashine pepe yote, pamoja na kiini cha mfumo wa uendeshaji ulio ndani, akasoma rejista na kumbukumbu, akaipeleka mbele amri moja moja. Katika kompyuta ya chuma jambo hilo ni gumu, kwa sababu kiini kikisimamishwa husimama pamoja na chombo kinachokitegemea.

Zipo kasoro zinazotokea mara moja kwa juma na kutoweka zinapotazamwa. Mara nyingi chanzo chake ni mpangilio wa makatizo: katizo moja likitangulia lingine kwa nafasi ya amri moja, mfumo huanguka. Mwaka 2002 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha mfumo wa ReVirt uliotumia wazo hili: hesabu za prosesa hazibadiliki zikipewa mwanzo uleule, kinachobadilika ni vinavyoingia kutoka nje, yaani makatizo, pakiti za mtandao, vibonye na saa. Msimamizi huviona vyote vikiingia. Akiandika kila kimoja pamoja na mahali halisi katika mfululizo wa amri kilipofikia, ataweza baadaye kuanzisha mgeni upya na kumlisha yale yale mahali pale pale. Mgeni atarudia maisha yake yote ya awali, pamoja na kosa lake.

Mwaka 2005 wachunguzi wa chuo hicho walionyesha jinsi mhandisi awezavyo kutumia njia hiyo kwenda nyuma kutoka mahali pa maanguko hadi mahali kosa lilipoanzia. QEMU nayo ilipata uwezo wa kuandika na kurudia mwaka 2015. Gharama yake haijatoweka, hasa mgeni anapokuwa na prosesa nyingi zinazoandika katika kumbukumbu moja, maana hapo mpangilio wa maandishi yao nao lazima uhifadhiwe.

Hitimisho

Mashine pepe ilibuniwa ili mgeni asimwone msimamizi wake. Uzuri huo huo huficha sababu za uchelewaji, kwa kuwa ufanano ulioahidiwa ulikuwa wa matokeo, haukuwa wa wakati. Dawa ni kuweka vituo vya uchunguzi katika tabaka la msimamizi: vituo vinavyolala bila gharama, vinavyoamka bila kudhuru, na vinavyoandika sababu na muda wa kila mtoko. Chombo kisichotimiza masharti hayo mawili ya kwanza kitazimwa na mafundi wenye hadhari, na siku ya shida watarudi katika kubahatisha.

Maswali ya Kujipima

1. Eleza kwa nini chombo kilicho ndani ya mgeni hakiwezi peke yake kutofautisha kazi nzito na prosesa iliyonyang'anywa.

2. Mgeni ana mitoko 40,000 kwa sekunde, kila mmoja wa mapigo 5,000, juu ya prosesa ya mapigo 2,000,000,000 kwa sekunde. Ni asilimia ngapi ya muda inayopotea? (Jibu: 10.)

3. Kwa nini si sahihi kuhesabu mtoko wa mapumziko kuwa hasara?

4. Taja mambo mawili ambayo msimamizi lazima ayaandike ili mgeni aweze kurudiwa sawasawa, na ueleze kwa nini matokeo ya kujumlisha namba si mojawapo.